Nyeri, Mji Unaotunza Makaburi ya Wageni

Mji wa Nyeri una makaburi mashuhuri kuliko mji wowote wa ukubwa wake niliowahi kuutembelea. Amelala hapo Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Hatua chache kutoka kwake amelala Jim Corbett, yule mwindaji wa simbamarara wa India. Nje kidogo ya mji, katika kanisa la Mathari, imehifadhiwa mifupa ya wanajeshi wa Kiitalia zaidi ya 600 waliofia Kenya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na mkuu wao, Amedeo, Duke wa Aosta. Wote hao walitoka mbali, na kila mmoja amewekewa jina lake. Dedan Kimathi, mwana wa Nyeri anayejulikana duniani, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya utawala wa Waingereza, hana kaburi huko kwao wala kwingine kunakojulikana.

Nilipanda Nyeri kwa mazishi. Rafiki yangu niliyesoma naye ameolewa Tetu, na baba mkwe wake alipofariki mwezi wa Julai niliona si haki kumwachia msiba peke yake. Yeye alishuka Mombasa nilipofiwa na baba yangu, akakaa nasi jamvini mpaka tukaondoa tanga.

Ukishapita mashamba ya mananasi ya Thika, udongo unazidi kuwa mwekundu na hewa inazidi kuwa kali. Pale Makutano wanauza mchele wa pishori wa Mwea kando ya barabara, na harufu yake inaingia mpaka ndani ya matatu. Sagana ni samaki wa kukaanga. Karatina ni soko, na ni soko kweli: viazi, karoti, kabeji na parachichi zimerundikwa juu ya magunia, na akina mama wenye makoti mazito na vitambaa kichwani wanapanga bei kwa Kikuyu cha haraka, kisha wanakugeukia kwa Kiswahili chao kisicho na haraka hata kidogo. Mlima Kenya, Kirinyaga yenyewe, sikuuona. Julai huko ni mwezi wa ukungu na manyunyu, na mlima hujifungia siku nyingi mfululizo. Wenyeji walinionyesha upande ulipo, kwa heshima, kana kwamba nauona.

Tetu iko juu zaidi, karibu na msitu wa Nyandarua. Huko kahawa inaanza kuachia chai nafasi, na nyumba zimekaa mbalimbali kwenye miteremko, kila moja na shamba lake, ng'ombe wake wawili watatu wa maziwa, na tangi la maji ya mvua. Kwa mtu aliyelelewa Mji wa Kale wa Mombasa, ambako ukifungua dirisha unasikia jirani akikaranga vitunguu, umbali huo wa nyumba na nyumba unatisha kidogo. Lakini msiba uliwaleta wote. Jioni ile nilipofika, ua ulikuwa umejaa. Kila siku tangu mzee afariki, majirani walikuwa wakikusanyika kusali, kuimba na kuchanga, huku katibu akiandika daftarini jina la mtu na alichotoa.

Mzee alikuwa bado mochari. Kwetu maiti hailali. Baba yangu alifariki alfajiri na kabla ya alasiri alikuwa ameshazikwa; kaka yangu anayefanya kazi Maskati alifika udongo umeshakauka juu. Nimeishi nikiamini kwamba kumwahisha marehemu ni kumpa heshima, na bado naamini hivyo. Hata hivyo, nilipomwona kitinda mimba wa mzee wa Tetu akishuka kwenye gari, ametoka Marekani, amewahi, nilielewa kwamba hata kungoja ni heshima ya namna yake. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili asiseme neno.

Siku ya mazishi akina mama waliamka gizani kumenya viazi. Mukimo wa watu wengi hivyo hupikwa katika sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea ndani yake: viazi, mahindi, minji na majani ya maboga, vinapondwa kwa mwiko mrefu kama kasia mpaka vishikane na kuwa kijani. Nilipewa mwiko nijaribu na nikapokezana nao mpaka mikono ikafa ganzi. Chai yao ni maziwa matupu na majani, haina iliki wala tangawizi, na kwenye baridi ile sikuitaka nyingine.

Langoni palitundikwa bango la picha ya mzee akiwa na koti la suti na kofia, na chini yake maandishi: mume mpendwa, baba na babu. Kijitabu cha ibada kilikuwa na maneno hayo hayo juu, na ndani wasifu wake. Nimesoma vijitabu vingi vya aina hii, na mara nyingi ni orodha ya shule, kazi na uzao, basi. Hiki nacho kilianza hivyo. Alizaliwa, akasoma, akafundisha shule ya msingi, akawa mwanachama wa ushirika wa kahawa, akastaafu. Kisha mjane akasimama, akakataa kusoma alichoandikiwa.

Alizungumza kwa Kikuyu na rafiki yangu akawa ananinong'onezea. Alisema mumewe ndiye aliyekuwa akiwasha moto asubuhi. Tangu alipojifungua mtoto wa kwanza, mzee alikuwa anaamka kabla yake, anawasha kuni, anatenga maji, ndipo anamwamsha. Wanaume wenzake walimcheka. Mama mkwe alinung'unika. Mzee hakujibu mtu, na kesho yake akawasha tena. Hata alipokuwa mgonjwa na nyumba ina jiko la gesi, alijikongoja mpaka jikoni kuliwasha. Mjane alisema asubuhi hizi anaamka na nyumba ina baridi, na akaketi. Sikusikia sifa nyingine siku ile iliyonionyesha vizuri zaidi mume mpendwa ni mtu wa namna gani kuliko hiyo. Nilitamani kila anayeandika wasifu wa marehemu amwulize mjane kwanza.

Wajukuu waliitwa mbele wakawa kundi zima. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa baba yake, wa pili la baba wa mama yake, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Kwa hiyo mzee mmoja mwenye wana kadhaa hujikuta amezungukwa na majina yake mwenyewe. Wavulana watatu wenye jina la marehemu walisimama pamoja, na mdogo wao, aliyekuwa hajaanza shule, baba yake alimwita "baba" mbele ya watu wote, kwa upole, kama mwana anavyomwita mzazi wake. Nyumbani kwetu pia tunarithishana majina ya mababu, lakini sijaona yakishikwa kwa utaratibu wa namna hiyo. Kila mjukuu, pamoja na jina, alipewa na mzee mti wa makadamia siku alipozaliwa. Kahawa ilipoanza kulipa vibaya mzee aling'oa sehemu ya mibuni, na mahali pake akapanda wajukuu. Ndivyo mwanawe alivyosema. Miti ile niliiona nyuma ya nyumba. Mikubwa inazaa tayari na kulipa karo za wenyewe.

Kisha tukaenda kaburini, nami nikaenda. Mombasa wanawake hatufuati jeneza. Baba yangu alipotolewa nyumbani tulibaki ndani na mama, tukasikia shahada ikififia uchochoroni. Huku Tetu kaburi lilichimbwa shambani mwake, na wanawake walisimama ukingoni pamoja na wanaume. Mjane alitia udongo wa kwanza, watoto wakafuata, kisha wajukuu. Mbele yangu kwenye mstari alikuwa bibi mmoja mwenye sweta ya kijani. Alichota konzi ya udongo, akatia. Akainama tena, akachota ya pili, akashikilia kidogo, akatia. Hakuna aliyemshangaa.

Baadaye tulikaa naye chini ya hema na sahani zetu za mukimo. Kila mtu alimwita shosho, nami nikamwita hivyo. Nilimwuliza juu ya konzi ya pili.

"Hiyo ni ya baba yangu," alisema. "Alichukuliwa wakati wa imajensi, mimi nikiwa na miaka saba. Walikuja usiku. Hatukuambiwa alipelekwa wapi, hatukuambiwa alikufa vipi. Mama alingoja mpaka akafa akingoja. Sasa mimi, mwanangu, kila mazishi ninayokwenda, namtilia baba udongo kidogo. Mwenye kaburi hawezi kukasirika. Kaburi lina nafasi."

Nilishindwa kumaliza chakula. Shosho aliniambia nile, mukimo ukipoa hauna raha.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu nasi, mwalimu mstaafu rafiki wa marehemu, aliongeza jambo ambalo sikulitarajia. Zamani, alisema, Wakikuyu hawakuwa wakizika kila mtu. Aliyezikwa alikuwa mzee mwenye mali na watoto, naye alizikwa kwa taratibu nzito. Wengine walipokaribia kufa walitolewa nje, na maiti iliachiwa fisi porini, kwa kuwa kifo ndani ya nyumba kilileta unajisi. Kuzika kila mtu, mkubwa kwa mdogo, kulienea na misheni na amri za serikali ya kikoloni. "Wazungu walitufundisha kuzika," alisema, "halafu wao wenyewe wakatunyima maiti zetu." Aliyasema hayo taratibu, bila kuinua sauti. Desturi inaweza kuwa na umri wa vizazi vitatu tu na bado ikawa ndiyo inayomshikilia mtu. Shosho yule hakuzaliwa katika ulimwengu wa fisi. Alizaliwa katika ulimwengu wa msalaba na jina, na katika ulimwengu huo baba yake hayumo.

Siku zilizofuata rafiki yangu alinitembeza. Tulikwenda Kahiga-ini, ukingoni mwa msitu, ambako Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa alfajiri ya 21 Oktoba 1956. Chai imepandwa mpaka karibu na miti, na hewa ina harufu ya majani mabichi na moshi. Kando ya msitu huu lilichimbwa handaki refu la kuwatenga wapiganaji na vijiji vilivyowalisha, na waliolichimba walikuwa wanavijiji wenyewe, kwa shokoa, wanawake wengi miongoni mwao. Kimathi alikuwa na miaka 35, bado siku kumi atimize 36. Kabla ya msitu alikuwa mwalimu, karani, na katibu wa chama cha KAU (Kenya African Union) huko Bonde la Ufa. Kesi yake ilisikilizwa hapa hapa Nyeri mwezi wa Novemba, kosa likiwa ni kupatikana na bastola, na hukumu ikawa kifo. Alinyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akafukiwa humo humo gerezani bila alama. Katika miaka ile ya Hali ya Hatari, ile imajensi ya shosho, Waingereza waliwanyonga Waafrika zaidi ya 1,000, kwa hiyo kwenye ardhi ile hayuko peke yake.

Watu wengi wanamjua Kimathi wa sanamu, yule wa Nairobi mwenye bunduki, aliyezinduliwa 2007 miaka 50 kamili baada ya kunyongwa. Mimi nilikuja kumjua upya kwa barua. Usiku wa kuamkia kunyongwa alimwandikia Padri Marino wa misheni ya Wakonsolata hapa Nyeri. Nilikuwa nimeisoma zamani kama karatasi ya historia. Baada ya mazishi ya Tetu niliisoma tena kitandani, chini ya mablanketi mazito, na nikaona ni barua ya mtu anayepanga mambo ya nyumba kabla ya safari. Anaomba mwanawe aingizwe shule mapema. Anaomba mama yake, ambaye ni mzee sana, atembelewe na kufarijiwa. Anasema mke wake yumo Kamiti hiyo hiyo kizuizini, ni mpweke, na anaomba masista wamliwaze. Na kama itawezekana, atakapoachiwa akae karibu na misheni, karibu na Mathari.

Mathari. Nilikuwa nimetoka huko mchana ule. Kanisa la Waitalia limesimama juu ya nyasi zilizokatwa vizuri, na ndani kuta zimejaa majina ya askari, kila mmoja na kijisanduku chake. Amedeo, aliyesalimu amri Amba Alagi mwaka 1941 na kufia Nairobi mateka mwaka uliofuata, yumo katikati ya watu wake. Walikuwa adui wa Waingereza, walipigana nao, wakashindwa, na Waingereza hao hao waliona ni sawa wazikwe kwa majina. Msimamizi alituambia jamaa zao bado huja kutoka Italia. Nilifurahi kwa ajili ya jamaa hao, kwa dhati. Na nilisimama pale nikiwaza kwamba aliyeshindwa vita anaweza kuzikwa kwa jina lake, na kwamba jambo hilo lilijulikana Nyeri miaka 15 kabla ya Kamiti.

Kaburi la Baden-Powell nalo linatunzwa kwa upendo. Alihamia Nyeri mwaka 1938 na mkewe Olave, wakajengewa kijumba kwenye hoteli ya Outspan wakakiita Paxtu, na hapo akafariki tarehe 8 Januari 1941. Kwenye jiwe kumechongwa duara lenye nukta katikati, ile ishara ya njiani ambayo skauti huacha kuonyesha kwamba amerudi nyumbani. Olave alifariki Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa kutoka huko mpaka hapa, yakalazwa kando ya mumewe. Tulipofika palikuwa na watoto wa skauti kutoka shule moja ya jirani, wameshika skafu zao, wanasimuliwa habari za babu huyo wa Kiingereza. Walisikiliza kwa makini. Mke kulazwa kando ya mumewe, kuvuka bahari kwa ajili hiyo, ni jambo zuri, na sitamani lingekuwa vingine. Lakini baina ya makaburi haya ya St Peter's na mahali Kimathi alipohukumiwa ni mji ule ule mdogo, na mke wa Kimathi hakupata kaburi la kulala kando yake.

Mukami Kimathi aliingia msituni kama mumewe, akafungwa, akaachiwa, akalea watoto. Aliishi Njabini, Kinangop, upande wa pili wa milima hii ya Nyandarua. Serikali moja baada ya nyingine ilimwalika kwenye majukwaa ya sikukuu, na kwa kila moja alikuwa na ombi moja: aonyeshwe alipozikwa mumewe amzike upya. Nelson Mandela alipofika Nairobi Julai 1990 alimtaja Kimathi hadharani kwa heshima wakati ambapo sheria iliyoiharamisha Mau Mau ilikuwa bado ipo. Haikufutwa mpaka 2003. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa. Oktoba 2019 zilienea habari kwamba kaburi limepatikana Kamiti, na serikali ikakanusha. Mukami alikuwa hai kusikia habari hizo, na hai kusikia zikikanushwa.

Rafiki yangu aliniuliza, tukishuka kutoka makaburini, kama sisi Waislamu tunajali sana kaburi lilipo, maana aliyaona ya kwetu Mombasa ni vichuguu vya udongo tu, mengine hayana hata jina. Nilimwambia kaburi la baba yangu halina marumaru, lakini kaka zangu wanalijua, wanasimama hapo siku ya Idi wakamsomea, na mama akiamka usiku anajua mumewe yuko upande gani wa mji. Jiwe tunaweza kuliacha. Kujua hatuwezi kukuacha. Nadhani shosho wa sweta ya kijani angenielewa, na nadhani Mukami pia.

Mwaka 2011 Waingereza walikiri kwamba walikuwa wameficha Hanslope Park maelfu ya mafaili ya makoloni yao, ya Kenya yakiwemo. Utawala ulioandika kila kitu mpaka idadi ya risasi hauwezi kuwa haukuandika mahali ulipowafukia watu. Kamiti nayo ni mali ya Kenya tangu uhuru. Ukuta wake haulindwi na mkoloni tena. Wana wa Kimathi wapo, wajukuu wapo, na vinasaba vyao vinaweza kutoa jibu ambalo mwaka 1957 halikuwezekana. Wenye funguo za gereza lile na wenye mafaili kule Uingereza wafungue, si kwa Kimathi peke yake bali kwa wote waliolala naye humo, watu waliokuwa waume na mababa kwenye nyumba za Tetu, Othaya, Mathira na kwingineko. Mukami alizikwa Njabini tarehe 13 Mei 2023 bila kuonyeshwa alipo mumewe. Wanawe wasizikwe hivyo hivyo.